Picha za Kariakoo zilizokataliwa na mama mwenye gesti: kisa kizima

Kuna dogo mmoja tunafahamiana, wikiendi anapiga harusi na sendofu, siku za kazi anapigia maduka ya Kariakoo picha za bidhaa za kuweka Insta. Anajua kamera, hilo niliseme mapema, maana kisa chenyewe hakihusu mtu asiyejua kazi. Akapata mchongo wa mama mmoja mwenye gesti maeneo ya Ilala, anakarabati, anataka picha sita kubwa za korido ya kwenda vyumbani. Maelekezo ya mama yalikuwa mafupi: hataki twiga, hataki Mmasai kasimama na machweo nyuma yake, hizo zimejaa kila hoteli. Anataka Kariakoo alikokulia, ile ya jioni, mgeni akipita koridoni ajue yuko Dar.

Dogo kasikia Kariakoo, hilo la jioni likampita.

Raundi ya kwanza akabeba lenzi ya 70-200, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, kuna mtu wake ana stoo ghorofani mtaa wa Kongo, akasimama kibarazani saa sita mchana akaanza kuvuta watu wa chini. Siku nyingine akazunguka Msimbazi, akapiga mwendokasi zinaingia Gerezani, akapiga makuli na mikokoteni, akapiga ule mwavuli wa zege wa soko kuu, halafu kwa kuwa alikuwa na muda akakata mpaka Posta akaipiga Sanamu ya Askari, ambayo imesimama pale tangu 1927 na sidhani kama kuna mpiga picha wa Dar ambaye hana picha yake. Akarudi nyumbani akazipaka zote priseti moja ya kununua, yaani mpangilio wa rangi uliotengenezwa tayari, ile ya chungwa na bluu ya bahari ambayo kila mtu anayo siku hizi.

Nilikuwepo siku anamuonyesha mama. Mama kavaa miwani, anasogeza moja moja kwenye laptop, haongei. Kuna moja tu alisimama nayo kidogo, ya paa la soko, akasema enzi hizo mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye ile miavuli yanashuka ndani ya nguzo. Kisha akaendelea. Mwisho akavua miwani akasema, "Mwanangu, hii ni Kariakoo ya mtu anayepita kwenda zake. Ya mimi niliyekaa iko wapi?"

Dogo njia nzima analalamika, anasema wateja wa umri ule hawajui picha, mbona kule Insta zimekula laiki. Mimi nikamwambia tukae tuziangalie upya, maana yule mama kaongea kitu cha maana kuliko kozi nyingi za yutubu.

Tuanze na mwanga kwa sababu ndiko kulikoharibika zaidi. Dar iko karibu digrii saba kusini mwa ikweta, saa sita mchana jua liko juu sana karibu mwaka mzima, na mwezi wa tatu na wa kumi linakaa utosini kabisa. Ukimpiga mtu muda huo macho yanakuwa mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, bati zinawaka, na shati jeupe linaungua halina hata mkunjo. Hiyo yote inavumilika kama unachotaka kuonyesha ni joto na jasho na watu wanaokimbiza riziki, kuna wapiga picha wanalitumia jua la mchana makusudi na linawakubali. Ila mama kaagiza jioni. Huwezi kuagizwa jioni ukapeleka mchana uliopakwa rangi ya chungwa, na ile priseti ndiyo iliyomaliza kabisa, ngozi za watu zimekuwa chungwa la Muheza, na kivuli ambacho kwa Kariakoo huwa kina vumbi na kijivu kimegeuka bluu ya swimingi puli. Mtu wa nje anaweza asigundue. Mtu wa pale anagundua kabla hajajua kagundua nini.

La pili ni huo umbali. Ukisimama juu ukavuta kwa lenzi ndefu watu wanabanana, aliye mbele na aliye mita thelathini nyuma wanaonekana wamegandana, kwa hiyo unapata ukuta wa vichwa. Dogo aliona huo ukuta ndio Kariakoo yenyewe kwa sababu Kariakoo ni watu wengi, si ndio. Ila ziangalie zile picha kumi na moja za umati kwa pamoja, funika zile fremu zenye mabango ya Kiswahili, niambie kama ni Dar, Lagos au Dhaka. Hujui. Wingi wa watu unaonyesha kiasi tu, hauonyeshi hali. Na ukiwa chini mtaani kwenyewe huoni umati hata siku moja, unaona mgongo wa mtu mmoja mbele yako, bega la mwingine, mtu anakwambia pisha pisha ana furushi kichwani, unasikia harufu ya mahindi ya kuchoma, unakanyaga maji. Umati anauona mtu aliyeko balkonini. Mama hakulelewa balkonini.

La tatu ndilo tulibishana. Dogo anasema basi angalau picha ya soko na ya Askari ni Dar bila ubishi. Kweli ni Dar. Soko lile lilichorwa na Beda Amuli, likajengwa miaka ya 1970, likaungua Julai 2021, kila mtu wa mji huu analijua. Lakini jengo maarufu linakujibu swali la wapi, haliwezi kukujibu pale pakoje. Mama aliposimama kwenye picha ya soko hakusimama kwa sababu ya picha, alisimama kwa sababu ya mvua aliyoikumbuka yeye, na hiyo mvua haikuwepo kwenye fremu. Hapo ndipo dogo akanyamaza kidogo.

Sasa kazi ikawa, jioni ya Kariakoo ni ipi hasa? Maana sio muda mrefu kama watu wanavyodhani. Huku kwetu jua halishuki kwa mshazari kama Ulaya, linadondoka. Linazama kuanzia saa 12 na robo hivi mwezi wa sita mpaka karibu saa 12 na dakika 45 mwezi wa pili, na likishazama una kama dakika ishirini na kidogo kabla anga halijawa jeusi. Kariakoo pia ina maghorofa mengi siku hizi, kwa hiyo chini mtaani kivuli kinaingia mapema, kuanzia saa 11 hivi unakuta ghorofa za juu bado zina jua la njano na huku chini watu wako kwenye kivuli laini kabisa, sura zinapigika vizuri bila kukunja macho. Hiyo ni awamu ya kwanza. Awamu ya pili ni taa zinapowashwa wakati anga bado ina rangi. Duka lina balbu, mama lishe ana balbu, mwendokasi ina taa ndani, daladala zina vile vitaa vya rangi rangi, na juu bado bluu. Ukichelewa nusu saa anga inakuwa nyeusi tii na picha yote inabaki vidoti vya mwanga na giza. Saa ya kukushtua ipo bure, ni adhana ya magharibi. Pale misikiti iko karibu karibu, ukisikia inaadhiniwa jua ndio limezama, hizo dakika ishirini zako zimeanza.

Raundi ya pili nikamwambia aache lenzi ndefu nyumbani, achukue ya mm 35 tu, fupi isiyovuta, na asizunguke. Achague kona moja akae. Hili lilimuuma kuliko yote kwa sababu mpiga picha akisimama sehemu moja anajiona kama hafanyi kazi. Lakini ukikaa kona moja kuanzia saa 11 mpaka saa 2 usiku unaanza kuona mpangilio: maduka ya vitambaa yanafunga kwanza, geti la bati linashushwa nusu, tajiri bado yuko ndani anahesabu. Machinga ndio kwanza wanatandika turubai pale pale mlangoni pa duka lililofungwa. Makuli mizigo inapungua wanakaa juu ya mikokoteni. Foleni ya kwenda Mbagala na Gongo la Mboto inaongezeka, makonda wanaita sauti zimekauka. Watu wa ofisini wanapita wamevua tai. Kila kitu kina zamu yake, na ukiijua zamu unaweza kumsubiri mtu kabla hajafika, yaani unaacha kukimbiza picha unaanza kuipangia miadi.

Ila kukaa na kamera Kariakoo sio rahisi, tusidanganyane. Siku ya kwanza tu jamaa wawili wakamfuata, "we wa TRA?" Na ukiangalia hawana makosa. Wafanyabiashara pale walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, zote ishu ya kodi na ukaguzi, na machinga nao tangu lile zoezi la kuwapanga upya la 2021 wakiona mtu anapiga picha meza yao wanajua kesho kuna manispaa. Kamera kubwa kwa pale ni kama karatasi ya mashtaka. Alichofanya dogo, na hili alilitoa kichwani kwake mimi sikumfundisha, ni kwamba alikaa kwa muuza kahawa. Akanunua kahawa, akala kashata, akaacha kamera mezani inaonekana, mtu akiuliza anamuonyesha picha za kwenye skrini. Muuza kahawa ndiye aliyekuwa anamjibia watu: huyu ni mtoto wa hapa anapiga picha za jioni. Baada ya siku kadhaa hakuna aliyehangaika naye.

Na picha iliyobeba kazi nzima ikatokea hapo hapo kwenye benchi. Niielezee kidogo maana kuna mengi ya kujifunza ndani. Mzee wa kahawa kakaa kwenye stuli fupi kushoto mwa fremu, birika liko juu ya jiko la mkaa, mkaa unatoa wekundu kidogo unaopanda kwenye mkono wake na chini ya kidevu, vikombe viko kwenye ndoo ya maji mguuni. Yeye kainama anamimina, katulia. Nyuma yake watu wote wanaotoka kazini wanapita na hakuna hata mmoja mwenye sura, wote wamekuwa mistari, kuna mstari mwekundu ni kanga ya mtu, kuna mweupe ni mfuko wa rambo. Juu kabisa kipande cha anga bluu katikati ya maghorofa mawili na geti la duka limeshushwa nusu, chini yake inaonekana miguu ya mtu na mwanga mweupe wa ndani.

Alipataje? Shata (muda kamera inaobaki wazi) 1/15 ya sekunde, apecha (tundu la kuingizia mwanga) f/4, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 800, kamera haiko mkononi, kaiweka juu ya kreti ya soda. Kwa 1/15 mtu anayetembea anafutika, aliyetulia anabaki, kwa hiyo picha yenyewe inakwambia nani ana haraka na nani yuko kwake. Wengi wangepandisha ISO wakagandisha kila mtu, halafu ungepata watu ishirini wote wana umuhimu sawa na mzee wa kahawa kapotea. White balance, yaani sehemu ya kamera ya kusawazisha rangi, kaifunga kwenye jua, hakuiacha otomatiki, maana ukiiacha kamera ijiamulie inajitahidi kuweka kila kitu kweupe, inaufuta wekundu wa mkaa na bluu ya anga, na hizo rangi mbili zikiondoka hali ya jioni nayo imeondoka. Hakuhitaji priseti. Na alipiga tena na tena fremu ile ile, jioni baada ya jioni, nyingi mzee katikisika, nyingine kapita mtu katikati, nyingine anga imeshakufa.

Kwa wanaotumia simu inawezekana pia, msinijie juu. Bonyeza skrini ushikilie mpaka ifunge foka na mwanga, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole, kwa sababu simu ikiona giza inajifanya mchana. Hali ya usiku inayong'arisha kila kitu zima kabisa kwa kazi hii.

Kitu kingine cha kiufundi kilichomsumbua ni taa za LED za bei rahisi. Umeme wetu ni wa 50 Hz, zile taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila ukipiga kwa shata ya kasi, tuseme 1/500, unapata mistari mistari myeusi imekatiza picha. Alidhani kamera imekufa. Dawa ni kushuka 1/100 au 1/50, basi.

Nyingine nne zilizopita nazitaja haraka. Geti nusu na miguu, peke yake. Makuli watatu wamekaa mkokotenini mmoja anachezea simu mwanga unampiga usoni. Meza ya machinga imewashwa na taa ya chaji, viatu vya mtoto vimepangwa, mikono ya mteja tu. Na moja ya juu juu, nguo zimeanikwa ghorofa ya tatu jua la mwisho linazipiga, hii mama aliipenda kuliko mimi, akasema ni Kariakoo ya watu wanaolala pale. Kweli wengi tunasahau pale kuna watu wanaishi.

Ya sita ndiyo iliyoleta kesi. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, mwendokasi imesimama kwenye foleni, vioo vina mvuke, ndani mwanamke kaegemeza kichwa kwenye kioo kafumba macho, matone ya mvua yanakatiza sura yake. Picha nzuri kinoma, sidanganyi, mtu aliyeangalia kazi za Saul Leiter kule New York, vile alivyokuwa anapenda vioo vya mvuke na mvua, angeelewa dogo kapata nini. Dogo anasema hii ndiyo jioni ya Dar yenyewe, uchovu wote uko hapa. Mimi nikamwambia huyu dada hajui kama kapigwa, sura yake inasomeka, na inaenda kutundikwa sehemu ya biashara, tena gesti! Fikiria shemeji yake kalala pale siku moja. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu inayotambulika huwezi kuichukulia poa kwenye matumizi ya kibiashara. Kenya, ambao sheria yao ni ya 2019, kuna shule ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 za kwao mwaka 2023 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo haya mambo yana meno.

Dogo akanijibu kwamba ukiomba ruhusa kabla picha inakufa, na ni kweli, mtu akijua anakaa vizuri anatabasamu. Lakini kuna kuomba baada. Mzee wa kahawa aliombwa baada, akaonyeshwa, akasema sawa ila anataka na yeye nakala ya kuweka nyumbani, akapewa. Makuli nao wakaambiwa, mmoja akakataa, ikachaguliwa fremu ambayo yule kageuka. Wa kwenye basi huwezi kumuomba, basi limeondoka. Mama ndiye aliyekata shauri, akasema hiyo usinitundikie, mtoto wa watu amechoka. Ikawekwa ya mtaro wa maji ya mvua una taa za duka ndani yake na malapa yanavuka, ambayo kiuzuri ni nusu ya ile, ila inakaa.

Kwenye kuchapa nako kulikuwa na somo. Skrini ina mwanga wake, karatasi haina, picha ya jioni ukiipeleka kama ilivyo inatoka nyeusi yote. Ya mzee wa kahawa mara ya kwanza mkono wake ulizama kabisa. Ikabidi anyanyue vivuli kidogo, achape kipande kidogo cha majaribio kwanza, akiangalie pale pale koridoni chini ya taa zitakazotumika na sio kwenye jua la nje ya duka la kuchapia. Korido ya gesti ina balbu za njano hafifu, kwa hiyo hata bluu ya anga ikaongezwa nguvu kidogo kufidia. Mama pia alitaka ziwekewe vioo, tukamshauri vioo visivyong'aa, la sivyo mgeni atakuwa anajiona mwenyewe tu kila akipita.

Malipo yalitoka yote, sio makubwa. Mama sasa anataka nyingine za Feri, samaki alfajiri, za ukumbi wa chai. Hapo hesabu inageuka, mwanga unatokea upande wa bahari, wauzaji wa mnada wanaanza kabla hujaona hata herufi za kamera, na pale kuna kivuko na bandari jirani kwa hiyo barua ya kibali inatangulia kamera. Dogo kaniuliza kama aende na 35 ile ile. Nikamwambia kwanza atafute anauza nani kahawa pale.